Mengineyo

Mkutano mkuu wa kijiji chetu una ajenda zisizobadilika. Dua, utambulisho wa wageni, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa za kamati. Halafu, watu wakishaanza kulitazama jua na kukung'uta mchanga kwenye kanga, mwenyekiti anakohoa na kusema, "Ajenda ya mwisho: mengineyo." Hapo ndipo mkutano unapoanza.

Kwenye mengineyo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba tenki la maji ya mvua la shule lina ufa tangu kusi iliyopita. Kwenye mengineyo kijana mmoja alisimama akaomba radhi kwa kukata mikoko, bila kuulizwa na mtu, akaketi. Kwenye mengineyo tuliambiwa ilivyokuwa usiku ule mama mjamzito alipovushwa kwenda hospitali, mashine ikazima katikati ya mkondo, wakatweka tanga la kuazima. Kwenye muhtasari yote hayo yamo katika mstari mmoja: "Mengineyo: Wananchi walitoa maoni mbalimbali." Najua, kwa sababu mstari huo niliuandika mimi, kwa miaka.

Mimi si mtendaji. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu kisheria na saini ya mwisho ni yake. Mimi ni mjumbe wa kawaida wa halmashauri ya kijiji, mwenye kiduka cha unga na vocha, niliyekabidhiwa kalamu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti siku ananipa daftari, "wewe baharini huendi." Kisiwani hiyo si sifa. Jina la kisiwa nitaliacha. Ni kimoja kati ya vile vilivyotawanyika baina ya Mafia na Kilwa, na humu nitawasema watu ambao kesho alfajiri nitapanda nao chombo kimoja kwenda kufuata bidhaa.

Inayotuendesha ni Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982, ya Tanzania Bara. Ndiyo, sisi ni bara, ingawa ukijigeuza pande zote nne unaona maji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa walau kila miezi mitatu, na mkutano huo ndio wenye kijiji. Halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, hukaa kila mwezi na kupeleka mambo yake mbele ya mkutano mkuu. Ukivuka kwenda Unguja au Pemba utamkuta sheha, naye huteuliwa. Mwenyekiti wetu tunamchagua kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Mshahara hana. Ana kiti cha plastiki chenye mikono, na lawama.

Mkutano huitishwa kwa barua. "YAH: MKUTANO MKUU WA KIJIJI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unaarifiwa kuhudhuria bila kukosa, saa 4:00 asubuhi." Sijawahi kuona barua ya mkutano yenye saa nyingine. Saa nne ni saa nzuri ya ofisi: watu wameshakunywa chai, jua halijawa kali, na mgeni kutoka wilayani akiondoka mapema anawahi. Barua hubandikwa kwenye ubao chini ya mti wa mkungu. Gundi yetu ni uji wa muhogo, na mbuzi wanaupenda, kwa hiyo tangazo la asubuhi mara nyingi halifiki adhuhuri. Habari zenyewe hupita kwenye kipaza sauti cha msikiti baada ya alasiri, zikachukuliwa na watoto wa madrasa, na kabla ya magharibi zimeshazunguka kisiwa na kurudi zikiwa zimenenepa. Hakuna asiyejua kuna mkutano. Hilo nalisisitiza, kwa sababu kwa muda mrefu tuliamini kwamba asiyekuja hakutaka.

Mkutano ninaotaka kuusimulia ulikuwa na ajenda moja kubwa: kufunga mwamba wa pweza.

Kwa mtu wa mbali, neno "kufunga mwamba" linaweza kumfanya afikirie kufuli. Ni makubaliano tu. Kijiji kinachagua sehemu ya mwamba, kinaiwekea maboya au alama, na kwa miezi kama mitatu hakuna anayegusa pweza hapo. Pweza ana maisha mafupi, mwaka mmoja hadi miwili, lakini anakua kwa kasi sana; ukimwacha miezi michache, yule uliyekuwa ukimtia kwenye kikopo sasa anajaza ndoo. Jike likishataga hubaki kwenye pango lake kuyalinda mayai, halili, na yakianguliwa linakufa. Ukimchoma kabla ya hapo umechukua na ukoo. Wenzetu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza jambo hili mwaka 2004, na baadaye likaenea huku kwetu kisiwa kwa kisiwa. Sheria yetu ya uvuvi nayo ina lake: pweza chini ya gramu 500 haruhusiwi. Ila mizani iko kwa mchuuzi, si mwambani.

Haya yote tulielezwa na bwana samaki wa wilaya, yaani afisa uvuvi, kijana mpole, na aliyaeleza vizuri. Alichelewa karibu saa nzima. Boti yake ilifika kwa wakati, lakini maji yalikuwa yamekupwa kabisa, nanga ikatiwa mbali, naye ikabidi ashuke atembee. Tulimwona tangu akiwa kidoti: suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, faili kichwani, anapepesuka kwenye matope na majani ya bahari kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Njiani alipita katikati ya wanawake wa kijiji chetu, waliokuwa wametapakaa mwambani wameinama. Aliwasalimia. Alitusimulia mwenyewe alipofika, akicheka, kwamba mmoja wao alimwonyesha pa kukanyaga.

Akavaa viatu, akafungua faili, tukajadili mwamba.

Mabenchi ya wanaume yalikuwa yamejaa. Upande wa mikeka walikaa vikongwe watatu na binti mmoja mjamzito aliyeegemea mkungu. Niliwaandika kwenye daftari la mahudhurio bila kufikiri lolote. Hoja ikatolewa: mwamba wa mbele ya kijiji ufungwe siku 90 kuanzia wiki ijayo. Kwa nini wa mbele ya kijiji? Kwa sababu unaonekana kutoka ufukweni, kuulinda ni rahisi. Mikono ikanyooshwa. Nikaandika, "Wajumbe kwa kauli moja waliridhia," na nikapiga mstari chini kwa rula, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kauli moja iliyokuwa kauli moja kweli.

Karibu saa saba walianza kurudi. Huwa ni mstari mrefu, kanga zimefungwa kibwebwe, ndoo za plastiki kichwani, chumvi imekauka kwenye miundi. Wengine wanamning'iniza pweza kwenye ufito, mikono yake inaendelea kujikunja yenyewe kama inayotafuta kitu cha kushika. Shangazi yangu ni wa mwisho siku zote, kwa sababu anajua mapango ya mbali, na kwa sababu hapendi kukanyaga nyuma ya mtu. Aliingia dukani na kutua ndoo juu ya kaunta, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia mmefunga mwamba."

"Ndiyo. Mkutano umepitisha."

"Mmeufunga sisi tukiwa juu yake."

Sikuwa na la kusema. Akaniuliza umefungwa hadi lini, nikamwambia siku 90 kuanzia wiki ijayo. Hakuomba kalenda. Alitazama juu kidogo, kama mtu anayekumbuka jina, akaanza kuhesabu kwenye pingili za vidole. Mwezi umeandama jana, leo mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi mwandamo: bamvua, maji yanatoka sana. Wiki ijayo mwezi nane, maji mafu, hayatoki sana. Miezi mitatu mbele, siku ya kufungua, mwezi tisa. Maji mafu tena.

"Siku mnayofungua," akasema, "maji hayatatoka. Mwamba utakuwa chini ya maji kiunoni, shingoni. Nani atachukua pweza siku hiyo?"

Jibu nililijua kabla hajamaliza. Wenye miwani ya kuzamia na mikuki. Mzamiaji hahitaji maji yatoke. Wanawake wetu huvua kwa miguu na kijiti. Wanaingiza kijiti pangoni, pweza anakikumbatia, wanamtoa. Kwa hiyo wao wangekaa miezi mitatu bila mwamba wao wa karibu, ule pekee wanaoufikia bila chombo, halafu mlango ungefunguliwa siku ambayo hawawezi kuingia. Hapakuwa na njama. Ningependa kungekuwa na njama, ingekuwa rahisi kuandika. Ni kwamba waliokaa kwenye mabenchi walihesabu kwa kalenda ya ukutani, nami nikapiga mstari kwa rula.

Usiku ule nilitoa madaftari yote ya mahudhurio niliyokabidhiwa. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Kila mkutano una tarehe ya kizungu, nami nina kalenda ya msikiti yenye tarehe zote mbili, basi nikawa naandika pembeni kwa penseli: mwezi 3, mwezi 22, mwezi 16. Sikuhitaji kufika mbali. Mkutano ulioangukia maji mafu, upande wa wanawake unajaza ukurasa na kuvuka. Ulioangukia bamvua, kuna majina manne, matano, na ukiyajua majina hayo unajua ni wajawazito, wagonjwa na wazee wa kuongozwa kwa fimbo.

Sababu iko wazi kiasi cha kutia aibu. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukipevuka, na siku chache baada yake, ndipo linapoingia bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya juu na chini. Na huku kwetu saa za bamvua hazibadiliki tangu Mungu aumbe: maji yamejaa kwenye saa kumi alfajiri, yamekupwa kwenye saa nne asubuhi. Saa nne. Saa ileile ya barua. Siku za maji mafu mambo yanageuka, saa nne ya asubuhi maji yako juu, hayana haraka, na mwanamke yuko nyumbani anasuka ukili.

Miaka yote ile tulikuwa tunaandika kwenye ripoti kwamba "mwitikio wa wanawake ni mdogo". Aliwahi kuja mgeni wa semina tukakaa siku mbili kujadili sababu. Tukataja mila. Tukataja elimu. Mzee mmoja akataja haya. Nakumbuka karatasi kubwa ukutani zenye rangi tatu. Siku zote mbili zilikuwa bamvua.

Na ushahidi ulikuwa mbele yetu. Siku ya kupiga kura za serikali za mitaa vituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Katika muda huo maji yanatoka, yanarudi, na kila mtu anapata nafasi yake. Wanawake wetu hupiga kura na ndoo kando. Hakuna aliyewahi kusema siku ya kura kwamba wana haya.

Kwenye kikao cha halmashauri nililitoa jambo hili kwenye mengineyo, pengine pa kulitolea hapakuwepo. Nilidhani watashangaa. Walikasirika kidogo, kisha wakacheka, kisha wakakasirika tena. Mjumbe mmoja alisema barua za serikali hazina mwezi mwandamo. Mwingine akasema tukianza hivi, kesho wavuvi wa dagaa watataka mkutano usiitishwe usiku wa giza, kana kwamba kuna mtu anayeitisha mkutano usiku. Mtendaji, ambaye ni mwenyeji wa Singida na amejifunza kuogelea akiwa na miaka arobaini, aliniomba nimchoree bamvua kwenye karatasi. Nikachora. Akaitazama kwa muda mrefu.

Mwenyekiti ndiye aliyekaa kimya kuliko wote. Huyu ni nahodha mstaafu, amevusha mbao na chumvi Mafia, Kilwa hadi Mtwara tangu enzi za matanga. Hajawahi katika maisha yake kung'oa nanga bila kuutazama mwezi. Baadaye, tukiwa njiani, aliniambia kwa sauti ya chini: "Mimi kwenye barua naona tarehe tu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku ya mkutano nayo ina maji." Nadhani wengi wetu tuko hivyo. Tukishavaa viatu vya ofisini tunaiacha bahari mlangoni, pamoja na kila tulichofunzwa nayo.

Tukakubaliana mkutano urudiwe, mwezi 8, saa ileile.

Bwana samaki alikuja tena, na safari hii boti ilimleta hadi kwenye mchanga mkavu. Alishuka na soksi zake. Mikeka ilikuwa imejaa mpaka ikabidi watoto watumwe kufuata mingine, na kwa kuwa wanawake wa kwetu hawakai mikono mitupu, walikuja na ukili wao. Mkutano mzima ulikuwa na ule mchakacho mdogo wa majani yanayosukwa. Mwenyekiti akafungua kwa dua, akataja ajenda. Alipofika "mengineyo" bibi mmoja akasema kutoka mkekani, bila kusimama, "Mwenyekiti, leo tuanzie hapo."

Tukaanzia hapo. Muhtasari wa siku ile una kurasa kumi na moja na bado nahisi niliacha mengi. Nilichojifunza kwanza ni kwamba wanawake hawakupinga kufunga. Wao ndio waliojua kuliko bwana samaki kwamba pweza wamekuwa wadogo, kwa sababu ndio wanaowakumbuka wakubwa. Walieleza mapango kwa majina, lipi hukaliwa na jike mwezi gani, lipi limevunjwa na nanga, lipi halina kitu tangu watu wa nyavu za kukokota wapite. Bwana samaki aliacha kuzungumza akaanza kuandika, na mimi na yeye tukawa tunaandika pamoja kama wanafunzi wawili.

Walichopinga ni mahali na siku. Mwamba wa mbele ya kijiji ni wa watu wasio na chombo. Ufungwe wa nje, walisema, ule wa kwenda kwa ngalawa. Wenye ngalawa wana miamba mingine ya kwenda, sisi tuna huu mmoja. Wanaume wakajibu kwamba mwamba wa nje haulindiki, uko mbali na macho, watu wa visiwa vingine watakuja usiku. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli pia. Mvutano ulidumu hadi maji yakaanza kugeuka. Mwishoni mwamba wa nje ukafungwa wote, pamoja na kipande cha wa ndani upande wa mikokoni, na kukawa na zamu za doria. Kufungua: mwezi 16, maji yakiwa yametoka, na siku mbili za mwanzo ni za watembea kwa miguu tu. Wazamiaji wangeingia siku ya tatu.

Halafu akasimama mama mmoja, mjane, mwenye watoto wanne, anayelipia madaftari na dawa kwa pweza wa kila bamvua. Akauliza: kile kipande cha mikokoni ndicho ninachokifikia mimi na mtoto mgongoni, sasa miezi mitatu nitakula nini? Mtu mmoja akataja mwani. Mwingine akataja mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, inayotaka kikundi na katiba na akaunti ya benki, nayo benki iko ng'ambo. Yeye akabaki amesimama. Mchakacho wa ukili ulikuwa umenyamaza. Niliandika swali lake neno kwa neno. Chini yake niliacha nafasi kwa ajili ya jibu, na nafasi hiyo mpaka leo iko tupu.

Mtendaji alikuwa na shida yake. Wilayani wanataka muhtasari wa ukurasa mmoja, miwili ikizidi. Tulikaa naye jioni kupunguza, na kila nilipofika kwenye mengineyo kalamu yake ilikuwa inaelekea kwenye ule mstari wa zamani, maoni mbalimbali. Sikumlaumu, ndivyo tulivyofundishwa wote. Tulibishana hadi koroboi, kwa maana umeme wa jua ulikuwa umekwisha. Hatimaye tukapeleka ukurasa mmoja wilayani na kurasa kumi na moja tukazibakiza kabatini, zimepigwa muhuri kama kitu halali.

Siwezi kudai yote yalikwenda sawa. Wiki ya sita vijana wawili walikamatwa usiku mwamba wa nje, na mmoja ni mtoto wa mjumbe aliyenyoosha mkono. Kamati ya ulinzi na usalama ilikaa, faini ikatozwa kwa mujibu wa sheria ndogo, na kwa mwezi mzima familia mbili zilikuwa zikipanda chombo kimoja, moja omo na nyingine tezi, zimepeana migongo. Kwenye mji mkubwa ukigombana na mtu unabadilisha mtaa. Sisi chombo ni kimoja, kisima ni kimoja, na yule uliyemtoza faini ndiye atakayekuchimbia kaburi mama yako. Nafikiri ndiyo maana watu wengi kwenye mkutano wananyamaza, na wakinyamaza tunaandika kwamba wameridhia.

Siku ya kufungua nilifunga duka. Ilikuwa asubuhi ya mwezi 16, saa mbili na nusu, bahari inajivuta nyuma na mwamba unatoka kidogo kidogo ukiwa mweusi na unang'aa. Wanawake walisimama mstari kwenye mchanga, kimya kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti akainua mkono, hapakuwa na hotuba, wakaingia. Mimi nilimfuata shangazi kwa viatu vya plastiki nikiteleza kila hatua ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye pango ambalo mimi ningelipita mara mia nisilione, akainama, akaingiza kijiti, akakichezesha kwa vidole viwili tu, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Kijiti kikashikwa. Alimtoa kwa mkupuo mmoja na pweza akamkumbatia mkono hadi kwenye kiwiko, mwekundu, halafu kijivu, halafu mwekundu tena. Shangazi akamng'oa mkono mmoja mmoja, vikombe vyake vya kunata vikitoa sauti ya mabusu, akageuka kunitazama.

"Huyu muandike," akasema.

Walipata, wengi walipata. Bei ilishuka kufikia adhuhuri kwa sababu mchuuzi alikuwa mmoja na ndoo zilikuwa nyingi, jambo ambalo si bwana samaki wala sisi tuliokuwa tumelifikiria, na lilizua mkutano mwingine. Siku ya tatu wazamiaji wakaingia na wakapata zaidi ya wote. Mjane nilimwona akirudi na ndoo yake imejaa. Sikumuuliza alikula nini miezi ile mitatu.

Juzi imekuja barua nyingine, kutoka wilayani safari hii, mkutano wa hadhara kuhusu mradi wa maji. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Saa 4:00 asubuhi. Nikachukua kalenda ya msikiti, nikatafuta tarehe, nikasogeza kidole upande wa pili: mwezi 17. Nikampelekea shangazi barazani kwake, alikuwa anasuka.

"Umewaandikia?"

"Nimewaandikia. Wamesema ratiba imeshapangwa, wanakuja hivyohivyo."

Akafika mwisho wa ukili, akaongeza jani jipya, akalibana kwa kidole gumba.

"Haya. Waambie basi wavue viatu wakiwa bado kwenye boti."